Miaka Arobaini ya Jangwani na Wazee Waliopelekwa Gwassi

 

Ndugu msomaji, kama msikiti wenu unakamilisha juzuu moja kila usiku katika Tarawehe, basi usiku wa sita imamu hupita kwenye kisa kimoja cha Suratul Maida, kuanzia aya ya 20 hadi ya 26. Ni aya saba tu. Kwa baridi yetu hii ya Kericho, na mvua iliyoanza tangu alasiri, wengi wetu tunakuwa tunahesabu rakaa zilizobaki, na kisa kinatupita hivi hivi. Hebu leo tukae nacho kidogo. Ni kisa cha watu walioahidiwa nchi, wakapoteza imani wakiwa mlangoni, wakaadhibiwa miaka arobaini. Na sisi tunaoishi kwenye milima hii ya majani chai, kutoka Londiani mpaka Sotik, tuna sababu yetu wenyewe ya kukisikiliza, kwa kuwa hapa pia kuna watu waliofukuzwa kwao, watoto wao wakazaliwa mbali na nchi ya baba zao.

Mlangoni mwa nchi

Bani Israil walikuwa wametoka Misri. Bahari ilipasuka mbele ya macho yao, na Firauni akazama wakimtazama. Wakafika karibu na nchi takatifu, na Nabii Musa (A.S.) akawaambia waingie. Wakajibu kwamba ndani kuna watu wenye nguvu mno, nao hawaingii mpaka hao watoke. Wanaume wawili waliomcha Mungu wakasimama wakawaambia: ingieni tu kwa mlango, mkishaingia mtashinda. Hawakusikilizwa. Watu wakamwambia Musa neno zito sana, ati aende yeye na Mola wake wakapigane, wao wanakaa hapo hapo. Musa akamlilia Mola wake kwamba hana amri juu ya mtu yeyote isipokuwa nafsi yake na ndugu yake. Hukumu ikashuka: nchi ile imekuwa haramu kwao kwa miaka arobaini, watatangatanga tu ardhini.

Kisa hiki hiki Mayahudi wanakisoma kila mwaka. Taurati yao wameigawa mafungu 54, na kila Jumamosi husoma fungu lake katika sinagogi mpaka mwaka unapozunguka. Fungu la kisa hiki huitwa Shelach, maana yake "tuma", na mara nyingi huangukia mwezi wa Juni. Usidhani ni jambo la mbali. Nairobi kuna sinagogi tangu enzi za ukoloni, na upande wa Mbale huko Uganda wako Abayudaya, watu weusi kama mimi na wewe, ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nao hulisoma.

Sisi tunaiamini Taurati aliyoteremshiwa Nabii Musa. Ama hayo wanayosoma wao leo, Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusiwasadiki wala tusiwakadhibishe katika mambo ambayo sisi hatukuletewa habari yake. Kwa hiyo nayasimulia kama masimulizi yao. Wao wanaeleza kwamba Musa alituma watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wakaipeleleze nchi kwa siku arobaini. Wakarudi na kishada cha zabibu kizito hata kikabebwa na watu wawili kwa mti begani. Wote walikubaliana kwamba nchi ni nzuri. Lakini kumi kati yao wakasema wenyeji ni majitu, na kwamba wao walijiona kama panzi mbele yao. Wawili tu, Yoshua na Kaleb, ndio waliosema twendeni. Watu wakalia usiku kucha, wakataka wachague kiongozi mwingine awarudishe Misri. Ndipo zile siku arobaini zikageuka miaka arobaini, kila siku mwaka wake.

Sasa jiulize, walipoteza nini hasa? Hawakusema kwamba Mungu hayuko. Wangesemaje hivyo na bahari ilipasuka juzi tu? Walichopoteza ni tawakkul. Walijua Mungu ni muweza, ila hawakuamini kwamba yuko pamoja nao. Na hilo la panzi, mimi hunishika kila mara. Mtu anaweza kuswali swala tano na kufunga mwezi mzima, na bado ndani ya nafsi yake ni panzi: anamwogopa bosi, anamwogopa mwenye fedha, anaogopa kusema kweli mbele ya mkubwa.

Liko jambo jingine katika masimulizi yao ambalo ni la kufikiriwa. Asubuhi baada ya hukumu, baadhi yao walijuta ghafla. Wakavaa silaha wakasema, basi tumekosa, sasa tuko tayari. Musa akawakataza. Wakaenda kwa ukaidi, wakapigwa vibaya sana. Jana walikataa kwenda walipoambiwa waende, leo wanakwenda walipoambiwa wakae. Huo ukawa ukaidi wa pili uliovaa nguo za toba.

Pia tusisahau kwamba adhabu ile ilikuwa na rehema ndani yake. Qur'ani inatutajia mawingu yaliyowafunika kivuli, manna na salwa waliyoteremshiwa, na chemchemi kumi na mbili zilizobubujika kutoka kwenye jiwe, kila kabila likajua mahali pake pa kunywa. Walioadhibiwa walilishwa na Yule Yule aliyewaadhibu. Na kwa masimulizi ya Mayahudi, hukumu ya kufia jangwani iliwahusu waliokuwa na umri wa miaka ishirini kwenda juu. Wale watoto ambao wazazi wao walilia kwamba watatekwa, ndio hao hao walioingia baadaye. Kweli, watoto nao walitembea jangwani bila kosa, na hilo si dogo. Ila mlango haukufungwa juu yao.

Wafasiri wetu wengi wanaeleza kwamba Musa na Harun (A.S.) wote walifariki kabla nchi haijaingiwa. Katika hadithi sahihi, Musa mauti yalipomjia alimwomba Mola wake amsogeze karibu na nchi takatifu, umbali wa kutupa jiwe. Mtume mkubwa namna ile, na ombi lake la mwisho likawa ukaribu wa umbali wa kutupa jiwe.

Maswahaba walikijua kisa hiki vizuri sana. Katika Ramadhan ya kwanza kufaradhishwa, mwaka wa pili wa Hijria, Mtume (S.A.W.) alitoka na watu kama mia tatu na kitu, wakajikuta wanakabili jeshi la Makureishi karibu mara tatu yao. Alipowataka ushauri, Miqdad bin Amr (R.A.) akasimama akasema kwamba wao hawatamwambia kama watu wa Musa walivyomwambia Musa, watapigana kuliani kwake na kushotoni kwake, mbele yake na nyuma yake. Uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha. Ndiyo vita vya Badri, tarehe 17 Ramadhan, ambayo kila mwaka tunaikumbuka.

Milimani kwetu

Kabla sijaja kwa wazee wa hapa, nikuguse kidogo na kioja kimoja cha historia. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaahidi viongozi wa harakati ya Kizayuni sehemu ya nyanda za juu za nchi hii wakakae Mayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi. Sehemu yenyewe ni Uasin Gishu, ambako leo uko mji wa Eldoret, kaskazini kwetu ukishapita Nandi. Mkutano wao wa Basel ukaamua kutuma watu waje waione nchi. Wakaja wapelelezi watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1905. Wakarudi na ripoti zisizolingana: Gibbons aliona familia chache zingeweza kukaa, Wilbusch akakataa kabisa. Mwaka huo huo mkutano ukaikataa ahadi ile. Yaani fungu la Shelach lilikaribia kuchezwa upya juu ya milima yetu! Tofauti ni kwamba safari hii aliyeahidi nchi hakuwa mwenye nchi, na wenyeji hakuna aliyewauliza.

Sasa tuje kwa wenyeji wenyewe.

Wanandi na Wakipsigis walikuwa na viongozi walioitwa orkoiyot, wa ukoo wa Talai. Wazungu waliwaita malaiboni, jina walilolichukua kwa Wamaasai. Walitabiri, walibariki vita, walitegemewa mambo ya mvua na magonjwa. Wewe na mimi kama Waislamu tunajua msimamo wa dini yetu kuhusu utabiri, na siandiki hapa kuusifu. Lakini kutokubaliana na itikadi ya mtu hakukupi ruhusa ya kunyamaza anapodhulumiwa, na hapo nitarudi.

Mwaka 1890 orkoiyot wa Nandi aliitwa Kimnyole arap Turukat. Wazee husimulia kwamba ndiye aliyetabiri kuja kwa watu weupe na nyoka wa chuma anayetoa moshi, ambaye ndiye reli. Kukawa na tauni ya ng'ombe, njaa, na vijana wengi wakafa katika vita walivyodai aliwabarikia yeye. Watu wakapoteza imani naye. Wakampiga marungu mpaka akafa. Misiba haikwisha, na baadaye hao hao wakaenda kuwatafuta wanawe wawaongoze. Mmoja, Koitalel arap Samoei, akawa kiongozi wa Nandi. Mwingine, Kipchomber arap Koilegen, akaja upande wetu huku kwa Wakipsigis. Wazee wengi mpaka leo wanaihesabu damu ya Kimnyole kuwa mwanzo wa mikosi yote iliyofuata. Sisi hatusemi hivyo, elimu ya ghaibu iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ila ona jinsi binadamu walivyo: anayelaumiwa leo kwa njaa, kesho wanawe wanatafutwa kwa njaa hiyo hiyo.

Kisha wakaja Waingereza na adhabu zao. Neno hilo sijalibuni mimi, wao wenyewe waliiita misafara yao ya kijeshi kuwa ya kuadhibu. Mwaka 1905 msafara mmoja wa namna hiyo uliongozwa na Meja Pope-Hennessy kwenda Sotik, ambayo leo ni kaunti ya Bomet, kisa ng'ombe waliochukuliwa kutoka kwa Wamaasai. Wakauawa watu wa kila aina, mifugo ikachukuliwa kwa maelfu. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Mwaka 1914 ikawa zamu ya Kipchomber arap Koilegen, akahamishwa pamoja na nduguze wawili, akafia ugenini. Mwaka 1923 mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, akakamatwa wakati Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya kupokezana rika, kwa hofu kwamba ni maasi. Barsirian hakuachiliwa mpaka mwaka 1964, uhuru ukiwa umeshapatikana. Hebu piga hesabu: miaka arobaini na kitu! Hakuna mfungwa wa kisiasa katika historia ya Kenya aliyekaa kifungoni muda mrefu kuliko yeye.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa inakwenda. Mwaka 1919 ekari 25,000 za Wakipsigis zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maofisa wakalima kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafilisika. Ungetarajia ardhi irudi kwa wenyewe, sivyo? Haikurudi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na lile la akina Finlay, yakaingia, na mashamba yakaanza kutandazwa kama tunavyoyaona leo, kijani kitupu mpaka macho yanapoishia.

Likaja la mwaka 1934. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria maalum ya kuwaondoa malaiboni. Elewa vizuri uzito wa jambo hili. Haikuwa kesi ya mtu fulani aliyeshtakiwa kwa kosa fulani mbele ya hakimu. Ilikuwa sheria ya kuuondoa ukoo mzima, wazee kwa watoto, wajawazito na wagonjwa. Walilaumiwa kwa wizi wa mifugo na kwa kuwachochea watu dhidi ya serikali. Watu karibu 700 walitolewa kwenye milima hii yenye baridi na mvua, wakapelekwa Gwassi, pembezoni mwa Ziwa Victoria, sehemu ambayo leo iko katika kaunti ya Homa Bay. Joto, mbung'o, mbu. Ng'ombe hawakustahimili, na watu pia wengi hawakustahimili. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1962. Miaka ishirini na minane.

Nipime nawe sasa. Bani Israil walikosa wenyewe, kwa midomo yao wenyewe, mbele ya Mtume wao. Adhabu yao ilikuwa na hesabu, walijua tangu siku ya kwanza kwamba ni miaka arobaini. Walikuwa na kivuli na chakula. Na kizazi kilichofuata kiliingia nchi. Mtoto wa Talai aliyezaliwa Gwassi mwaka 1940 hakukosa lolote, hakuna aliyemwambia adhabu itakwisha lini, hakushukiwa na manna wala salwa. Na wazazi wake walipomrudisha hatimaye, shamba la babu yake lilikuwa majani chai ya kampuni. Wengi wakaishia kujibanza pembezoni mwa mji wa Kericho, bila ardhi, ndani ya nchi iliyojaa rutuba.

Kanuni ya Qur'ani, iliyorudiwa mara kadhaa katika sura tofauti, ni kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Adhabu ya ukoo mzima inagongana uso kwa uso na kanuni hiyo, awe aliyeitoa ni mzungu au ni sisi wenyewe. Nasema sisi wenyewe kwa sababu mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, majirani katika Bonde la Ufa walichomeana nyumba kwa sababu ya kabila alilozaliwa mtu. Hiyo nayo ni adhabu ya ukoo.

Pengine kijana atasema, lakini hao Talai hawakuwa Waislamu, inatuhusu nini? Basi afungue Suratun Nisaa, aya ya 105 na zinazofuata. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba mtu mmoja wa Madina, aliyejionyesha kuwa Mwislamu, aliiba deraya, na alipoona anakaribia kugunduliwa akamsingizia Yahudi mmoja. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea, na mambo yakaelekea kumwangukia yule Yahudi. Aya zikashuka kutoka juu ya mbingu kumsafisha Yahudi yule asiye na hatia, na kuonya dhidi ya kuwatetea wahaini. Tuhuma ya wizi iliyopachikwa mtu kwa sababu ya yeye ni nani! Naona Waislamu ndio wa kwanza wanaopaswa kuijua harufu ya jambo hilo.

Kafara na haki ya mtu

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Wakamweleza kwamba ndiyo siku Mwenyezi Mungu alipomwokoa Musa na watu wake. Akasema sisi tuna haki zaidi na Musa, akaifunga na akaamrisha ifungwe, mpaka ilipofaradhishwa Ramadhan. Kisha Ashura ikabaki sunna, na akatufundisha kwamba inatarajiwa kufuta madhambi ya mwaka uliopita. Kwa hiyo njaa hii unayoisikia saa kumi za jioni ina historia ndefu na Nabii Musa.

Mayahudi wenyewe wanayo siku yao kuu ya kafara, Yom Kippur, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri. Hufunga kutoka jua kuchwa hadi usiku wa pili. Katika masimulizi yao ndiyo siku Musa aliposhuka mlimani na mbao za pili, baada ya kosa la kuabudu ndama. Usiku wake husoma yale maneno ya msamaha ambayo Musa alijibiwa alipowaombea watu katika kisa cha wapelelezi. Lakini wanazuoni wao wa kale waliweka sharti: siku hiyo inafuta makosa baina ya mtu na Mungu; kosa baina ya mtu na mwenzake halifutiki mpaka amridhishe mwenzake kwanza.

Sasa linganisha na alivyoandika Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin. Toba ya kosa baina yako na Mola wako ina masharti matatu: uliache, ulijutie, uazimie kutolirudia. Kama kosa linahusu haki ya mtu, linaongezeka la nne, umrudishie haki yake. Kama ni mali, urudishe mali. Kama ulimsingizia, ujitoe kwake akusamehe.

Na kafara huanza na kukiri. Unakumbuka hadithi ya yule bwana aliyeivunja saumu yake mchana wa Ramadhan kwa kukutana na mkewe? Hakukamatwa na mtu. Alikuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) akisema ameangamia. Akaulizwa kama anaweza kumwacha huru mtumwa, hana. Kufunga miezi miwili mfululizo, hawezi. Kulisha maskini sitini, hana kitu. Akakaa. Ikaletwa kapu la tende, Mtume akampa akatoe sadaka. Akasema, kwani kuna maskini kuliko sisi katika mji huu? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana, akamwambia awalishe watu wa nyumbani kwake. Dini hii ni nyepesi kwa anayekiri. Uzito unawaangukia wasiokiri.

Ardhi nayo ina hadithi yake peke yake. Mtume (S.A.W.) alionya kwamba atakayepora hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama mpaka ardhi ya saba. Shibiri moja, ndugu yangu. Ni upana wa kiganja chako ukikinyoosha. Mashamba yetu haya yanapimwa kwa maelfu ya ekari.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kusikitikia mateso ya wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wakipsigis na Talai hawakuwa katika hesabu hiyo. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba walitendewa dhulma ya kihistoria, na mwaka huo huo wakapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijaomba radhi wala kulipa fidia. Mwaka 2022 wakafungua kesi katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipokuja Nairobi, Oktoba 2023, alizungumza kwa huzuni na majuto juu ya yaliyofanywa wakati wa ukoloni. Kuomba radhi rasmi hakukuwemo. Ukirudi kwa masharti ya Imam Nawawi, utaona hapo tumefika sharti la kujuta. La kurudisha bado.

Isije ikawa tunanyoosha kidole London peke yake. Katika hadithi ya muflisi, Mtume (S.A.W.) alieleza habari za mtu wa umma wake atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, akala mali ya yule, akamwaga damu ya mwingine. Mema yake yatagawiwa aliowadhulumu mpaka yaishe, kisha madhambi yao atwikwe yeye. Tazama saumu inayotajwa hapo, ni hii hii yetu. Kwa hiyo aliyehamisha mpaka wa shamba la jirani huko Litein au Kapkatet, aliyemzuilia dada yake urithi ati ni mwanamke, aliyepunja mizani ya mchumaji majani, huyo ana kazi ya kufanya kabla ya Idi ambayo Tarawehe haimfanyii.

Kuna jambo moja ningependa vijana wa jumuiya tulifanye Shawwal ikiingia. Aliyezaliwa Gwassi mwaka ule wa 1962 wa kurudi ameshapita miaka sitini, na waliopelekwa huko wakiwa wadogo ni wakongwe kabisa, wachache mno waliobaki. Wako hapa hapa mjini, tunapishana nao sokoni na stendi. Tupange Jumamosi moja, wawili wawili, twende na daftari na kifurushi cha sukari, tuombe ruhusa kwa heshima, tukae tuwasikilize: walikula nini, walizika wapi, walimwambia mtoto nini alipouliza kwetu ni wapi. Wanaoelewa Kikipsigis watangulie, maana wazee wengine Kiswahili kinawachosha. Majina ya watakaokwenda yatachukuliwa baada ya swala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.